Uhuru Kamili wa Mheshimiwa Tumbuizo

Nchi ninayoisimulia si yenu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akajikuna mahali pasipomwasha. Ni nchi nyingine kabisa: ina mto, ina bendera, ina wimbo wa taifa, na ina viongozi wanaotupenda mpaka tunaona haya. Mimi ni mpuliza tarumbeta katika Bendi ya Taifa. Kazi yangu ni kuitoa ile sauti ya kwanza ya wimbo, ile inayowafanya watu wasimame, na kwa sababu hiyo nilikuwepo kwenye sherehe zote nitakazozitaja. Sikuhadithiwa na mtu.

Uhuru wetu wa kwanza tuliupata kwa wageni waliokuwa wakivaa kofia ngumu. Waliondoka na kofia zao, tukacheza ngoma, tukalala, tukaamka. Miaka ikapita tukidhani jambo lile limekwisha. Kumbe viongozi wetu walikuwa wakikosa usingizi. Walikaa wakatafakari, wakaona kwamba taifa zima kupewa uhuru mmoja tu, tena wa kugawana, ni ubahili usiosemeka. Ndipo ilipoundwa Wizara ya Uhuru na Maana Zake, akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Dokta Ladislausi Tumbuizo.

Mheshimiwa Tumbuizo alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyororo. Akihutubia, watoto wachanga husinzia na watu wazima hujiona wana makosa. Alikuwa amekwenda ng'ambo kusomea neno uhuru mpaka akapewa shahada, akarudi na hakika kwamba sisi tuliokuwa tukilitumia ovyo tulikuwa tukilichakaza. Tangu siku alipoingia ofisini, ilikuwa kosa kumwambia jirani, "Kesho nikiwa huru nitapita kwako." Mzee mmoja wa kaskazini aliyetaka kugombea ubunge kama mgombea huru alikamatwa kwa wizi. Alijitwalia uhuru kabla haujagawiwa.

Sisi wa Kisimani tulikuwa wa kwanza kugawiwa. Kisimani ni mtaa wetu, uko ng'ambo ya mto, upande usio na ofisi. Tuliunganishwa na mji kwa daraja la chuma, kwa sababu pande zetu nyingine zote ni kinamasi, na kinamasi hakina mwisho unaojulikana. Mimi ni mkazi wa huko, na bendi karibu yote ni ya huko, maana watu wa mjini hawapendi kazi ya kutoa jasho la mashavu.

Siku hiyo Mheshimiwa alivuka daraja kwa gari jeusi, akapanda jukwaani, akatutazama kwa huruma.

"Wananchi wa Kisimani! Mmekuwa watumwa kwa miaka mingi. Watumwa wa nani? Wa bomba! Mkiamka, bomba. Mkitaka kupika, bomba. Mkitaka kuoga, mnalifuata bomba na ndoo zenu, mnaliinamia. Mtu anayeinamia kipande cha chuma, huyo ni mtu huru?"

"Siyo!" tulijibu, kwa kuwa ndivyo inavyojibiwa.

"Kuwa huru ni kutohitaji! Kwa niaba ya Serikali, natangaza kwamba kuanzia leo Kisimani imepata uhuru wake kutoka kwa maji ya bomba!"

Nilipuliza. Watu walisimama, wakaimba, watoto wakapewa pipi na vibendera. Tuliona ni maneno mazuri, ya kisomi, yasiyo na madhara. Asubuhi yake bomba lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Wanawake walichukua ndoo wakashuka mtoni, ambako wapo mamba, nao ni huru tangu zamani.

Baadaye tulipewa uhuru kutoka kwa umeme. Katika hotuba ile Mheshimiwa alieleza kwamba kuwa huru ni kutoogopa giza, na kwamba mtu anayewasha taa anakiri woga wake hadharani. Nguzo ziling'olewa zikavuka daraja. Tulipoziona zimesimamishwa kandokando ya barabara inayokwenda nyumbani kwake, tulielewa kwamba huko bado kuna watu waoga, na tuliwahurumia.

*

Sasa nimlete Bi Siwema Kingalu. Alikuwa mjane mrefu wa mifupa, mfyatua matofali. Udongo aliuchota kandokando ya mto, akaukanda kwa miguu, akaufyatua, akauchoma mwenyewe. Nyumba nyingi za Kisimani zimesimama kwa matofali yake. Hakuwa msemaji. Ukimsalimu atakujibu vizuri, kisha atakutazama mpaka ukumbuke ulikuwa unakwenda wapi.

Binti yake, Kidawa, alikuwa tofauti. Yeye alikuwa wa kucheka. Kila nikipita mlangoni kwao na tarumbeta yangu aliniita, "Mjomba, hayo mashavu leo umemeza embe ngapi?" Mume wake alikuwa amekwenda migodini na hakuwa ameleta habari, na Kidawa alikuwa mjamzito, tumbo limemtangulia hatua nzima, naye anacheka vilevile.

Alikuwa katika mwezi wake wa mwisho Mheshimiwa alipokuja kutupa uhuru kutoka kwa zahanati.

Zahanati ile tuliijenga wenyewe. Matofali aliyatoa Bi Siwema, mabati tulichanga, Serikali ikaleta nesi, kitanda, kabati la dawa na jokofu la chanjo. Mheshimiwa alipomaliza kueleza kwamba mgonjwa ni mtumwa wa daktari, Bi Siwema alinyoosha mkono. Jambo hilo halikuwa kwenye ratiba. Wasaidizi walitazamana. Mheshimiwa, ambaye alipenda kuonekana anapenda maswali, alimruhusu.

"Baba, kwenye maji ulisema kuwa huru ni kutohitaji. Kwenye umeme ukasema ni kutoogopa. Leo ni nini?"

"Swali zuri sana hilo, mama. Leo ni kujitegemea."

"Zahanati hii tuliijenga kwa mikono yetu. Matofali haya ni yangu. Kujitegemea gani kwingine unakokutaka?"

Mheshimiwa alicheka kwa upole. "Mama, nani kasema tunachukua jengo? Jengo ni lenu. Tena tutawaongezea bendera juu yake. Tunachokiondoa ni ule utegemezi uliokuwa ndani."

Utegemezi ulikuwa tayari unatolewa mlangoni: kitanda, kabati, jokofu, na nesi aliyekuwa akitembea nyuma ya vitu vyake kichwa chini.

"Vinakwenda wapi?" aliuliza Bi Siwema.

Hapo sauti ya Mheshimiwa ilizidi kuwa nyororo. "Utegemezi, mama, hautupwi njiani. Utaambukiza wengine. Lazima apatikane mtu wa kuubeba. Nilijiuliza, Ladislausi, umtwishe nani mzigo huu? Nikaona nisimtwishe mtu. Nimejitolea kubaki mtumwa wa maji, mtumwa wa taa, na kuanzia leo mtumwa wa matibabu, nyumbani kwangu, mimi na mke wangu na watoto wangu, ili ninyi muwe huru!"

Alifuta machozi. Baadhi yetu tulifuta pia. Nilipuliza.

*

Uchungu ulimshika Kidawa asubuhi, siku chache baadaye. Kufikia jua la utosi mkunga wetu alitoka chumbani akamwambia Bi Siwema kwamba mtoto yuko njiani lakini damu inatoka kuliko inavyotakiwa, na kwamba dawa ya kuizuia anaijua, ilikuwa kwenye kabati.

Bi Siwema hakuuliza kabati gani. Aliung'oa mlango wa nyumba yake kwenye bawaba, tukamlaza Kidawa juu yake, tukaubeba. Mimi nilishika pembe ya miguuni. Tulivuka daraja tukikimbia na jua lile, mpaka kwenye nyumba ya Mheshimiwa, ambayo ilikuwa hatua chache tu baada ya daraja.

Getini alikuwa Koplo Nditi, mtu mzima wa mtaa wetu huohuo wa Kisimani. Aliona mlango, akaona damu. Aliingia ndani mbio, akarudi akitembea.

"Mheshimiwa yuko mezani," alisema.

Baadaye Mheshimiwa alitoka mwenyewe, kitambaa cha kulia chakula bado kimemning'inia shingoni. Alisimama upande wake wa geti. Nyuma yake, kupitia uwazi wa geti, niliiona baraza, na barazani nikaliona kabati. Nesi alikuwa amesimama kando yake, mikono amejishika.

"Baba, mwanangu anatoka damu," alisema Bi Siwema. "Dawa iko pale, naiona. Fungua."

"Mama, moyo wangu unachuruzika kuliko huyo binti. Lakini nikifungua nitakuwa nimefanya nini? Nitakuwa nimemrudisha utumwani, juzi tu nimemkomboa! Historia itanihukumu."

"Ikuhukumu kesho. Leo fungua."

"Kiongozi mwenye huruma ndogo angefungua," alisema Mheshimiwa. "Mwenye huruma kubwa hutazama mbali." Kisha akageuka. "Koplo, funga."

Koplo Nditi alifunga. Tulimsikia nesi anakuja mbio kutoka barazani, tukamsikia anazuiwa, tukasikia analia.

Wanawake walizungusha khanga pale ukutani. Mtoto alizaliwa chini ya ukuta wa Mheshimiwa, akalia kwa nguvu, wa kike. Kidawa aliuliza kama ana nywele. Wakamwambia anazo nyingi. Akacheka kidogo. Kisha akasema anahisi baridi, na jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Hakusema neno jingine.

Tulimrudisha kwenye mlango uleule. Safari hii hatukukimbia.

*

Siku ya matanga Mheshimiwa alikuja, kwa kuwa anatupenda. Bendi iliamriwa ihudhurie. Alisimama uani katikati ya waombolezaji, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu wafiwa, tusilie. Sote hapa tunapigania uhuru kidogokidogo, lakini marehemu ametutangulia. Yeye amepata uhuru mkubwa kuliko wote. Hahitaji maji. Hahitaji taa. Hahitaji dawa. Nawaomba wakazi wa Kisimani muige mfano wake."

Alinipa ishara. Niliinua tarumbeta, nikaiweka mdomoni, mashavu yakakataa. Hayakujaa. Msimamizi wa bendi aliandika kwamba palitokea hitilafu ya kiufundi.

Katika kimya kile Bi Siwema alitoka ndani, mjukuu kifuani, akamsogelea.

"Mheshimiwa, hilo neno la mwisho sikulisikia vizuri. Naomba ulirudie."

Mheshimiwa alifurahi kuona mwananchi ana kiu ya elimu. Alilirudia lote, kwa sauti kubwa zaidi, kuhusu maji na taa na dawa na mfano.

"Ahsante," alisema Bi Siwema. "Sasa nimelishika."

Mtoto alimpa jina la marehemu mama yake, Kidawa. Jirani aliyekuwa na mtoto mchanga alimnyonyesha, na Bi Siwema akarudi kwenye udongo. Aliufyatua kama kawaida. Ila waliokuwa wakipita karibu walisema siku hizo anaupiga udongo kwa namna ambayo udongo haukustahili.

*

Kisha redio ikatangaza kwamba uhuru wetu unakaribia kukamilika. Tulikuwa tumebakiwa na utumwa mmoja tu, nao ni daraja. Mtu anayehitaji daraja, alieleza Mheshimiwa, ni mtu asiyeamini upande aliozaliwa. Daraja lingeondolewa, na chuma chake, kwa uchungu mkubwa, kingebebwa na Mheshimiwa mwenyewe shambani kwake, alikokuwa akijenga banda la ng'ombe.

Ratiba ilikuwa nzuri. Mheshimiwa angekuja, angehutubia, angevuka kurudi kwake. Akishafika ng'ambo, mimi ningepuliza. Malori mawili makubwa ya Serikali, yakiwa upande wa mjini na minyororo imekwisha kufungwa kwenye daraja, yangevuta pale yatakaposikia tarumbeta. Mafundi wangekuwa wamezilegeza nati wakati wa hotuba, kwa kuwa hotuba za Mheshimiwa zinatosha kulegeza nati zozote. Bendi tungebaki upande gani hakuna aliyeuliza.

Bi Siwema alikuja kwangu nikiwa naing'arisha tarumbeta.

"Kaka, tarumbeta hii ilikataa kulia siku ya matanga."

"Ilikuwa hitilafu, dada."

"Itengeneze. Safari hii nataka ilie. Tena ilie mapema."

"Mapema kabla ya nini?"

"Kabla yeye hajavuka. Nitakutazama."

Nilimwambia kwamba mimi ni mtumishi wa umma na nafuata ratiba. Alinitazama kwa ile namna yake, akaondoka.

Kutoka kwangu alikwenda kwa Koplo Nditi, ambaye tangu siku ya geti hakuwa akipita njia kuu ya mtaa, alipita nyuma ya nyumba kama mtu anayedaiwa. Nilikuja kuambiwa na Nditi mwenyewe walichozungumza.

"Wewe ndiye uliyefunga," alimwambia.

"Nilifunga, mama. Niliamriwa."

"Najua. Sikuja kukulaumu. Nimekuja kukuuliza utafanya nini ukiamriwa tena."

Kisha akasema hana haraka, jibu atalisikia siku yenyewe.

*

Siku ilifika. Mheshimiwa alikuja kwa miguu, na suti nyeupe, Koplo Nditi nyuma yake amebeba mwavuli. Wasaidizi wengine walibaki ng'ambo kuyasimamia malori. Naibu Waziri pia alibaki huko, akasema ana mafua.

Hotuba ilikuwa ndefu na tamu. Tuliambiwa kwamba mto ni ukuta wa heshima, kwamba samaki hawana daraja na wanaishi vizuri, kwamba vizazi vijavyo vitakuja kuona mahali daraja lilipokuwa, ingawa haikuelezwa vitafikaje. Kwa mbali nilisikia nati zikilia.

Alipokuwa anashuka jukwaani Bi Siwema alisimama mbele yake na mtoto mgongoni.

"Mheshimiwa, Kisimani tuna neno la shukrani."

"Semeni, semeni, mama!"

"Umetupa uhuru wa kila aina. Na kila utumwa uliotutoa umejitwika wewe. Tumekaa kama mtaa tukaona si haki. Sisi tustarehe na uhuru, wewe uchoke na maji na taa na dawa? Tumeamua kukupa na wewe. Tunataka kukutangaza Huru Kamili."

Niliuona uso wa Mheshimiwa ukilainika. Alikuwa Mheshimiwa na alikuwa Dokta, lakini cheo cha Huru Kamili hakuwa nacho mtu yeyote nchini, hata Mkuu wa Nchi mwenyewe.

"Wananchi," alisema, na safari hii nadhani machozi yalikuwa ya kweli, "sistahili. Nakubali!"

"Unakubali uhuru kutoka kwa maji?"

"Nakubali!"

"Kutoka kwa taa na dawa?"

"Nakubali mara mbili!"

"Na kutoka kwa daraja?"

Alikuwa amefumba macho kwa utamu. "Nakubali, nakubali, nakubali!"

Bi Siwema alinitazama.

Sijui ilikuwaje. Mashavu yalijaa yenyewe. Sauti ile ya kwanza ilitoka kubwa kuliko zote nilizowahi kuzitoa, ikavuka mto, malori yakanguruma, minyororo ikakaza.

Sasa mjue kwamba katika nchi hiyo, wimbo wa taifa ukianza, anayesogea kabla haujaisha anakwenda gerezani. Sheria hiyo aliiandika Mheshimiwa Tumbuizo mwenyewe. Alifumbua macho akaliona daraja linaondoka. Aliinua mguu, akakumbuka, akaurudisha. Alisimama wima, mkono kifuani, jasho likimtiririka ndani ya suti nyeupe, akalitazama linavyoteleza kipande baada ya kipande, linavyoinama, linavyoburutwa kwenye tope la ukingo wa pili. Kwa kawaida tunapiga ubeti mmoja. Siku hiyo bendi ilijisikia uzalendo, tukapiga zote, hata zile ambazo hakuna anayejua maneno yake.

Tulipomaliza, ulisikika mto tu.

"Koplo!" alipiga kelele. "Koplo Nditi! Nitafutie mtumbwi! Mkamate huyu mama! Mkamate yule wa tarumbeta!"

Nditi aliukunja mwavuli taratibu, akamwekea miguuni. Akavua kofia yake ya kazi akaiweka juu ya mwavuli.

"Hongera, Mheshimiwa. Mtu huru hujilinda."

"Nakuamuru!"

"Niliamriwa mara moja, mzee. Inanitosha mpaka nife."

Alipita katikati ya watu, kwa njia kuu.

Mheshimiwa alikimbia mpaka ukingoni akawapungia mikono watu wa ng'ambo. Naibu Waziri, aliyepona mafua ghafla, alichukua kipaza sauti. Alisema Serikali imepokea kwa furaha habari kwamba Mheshimiwa Tumbuizo amekuwa Huru Kamili wa kwanza nchini, kwamba Serikali inauheshimu sana uhuru huo, na kwamba haitathubutu kuuingilia kwa kumletea msaada wowote. Jioni hiyohiyo Naibu alihamia kwenye nyumba ya Mheshimiwa, ili utegemezi usikose mtu wa kuubeba.

*

Hatukumpiga. Nalisema hili kwa kuwa watu wa ng'ambo walieneza kwamba tulimpiga. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Tulimsalimu kila asubuhi kwa cheo chake kipya, "Shikamoo, Huru Kamili," tukapita.

Alikaa kwenye zahanati, kwa kuwa ilikuwa tupu na ina bendera. Mara ya kwanza alipotaka maji alisimama mlangoni akipiga makofi ya kumwita mtu. Alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Mwishowe aliokota ndoo iliyotoboka akashuka mtoni, akarudi akikimbia bila ndoo, maana alikuwa ameonana na mamba. Aliyekuwa na mtumbwi alimwambia kwa adabu zote kwamba angependa kumvusha, lakini angemfanya awe mtumwa wa mtumbwi, na historia ingemhukumu.

Kisha akaugua. Maji ya mto yalimwingia tumboni, suti nyeupe ikawa haisemeki rangi. Alikuwa amelala sakafuni pale mahali kilipokuwepo kitanda. Watu walikusanyika mlangoni kimya. Kusema kweli hatukuwa tumekuja kumwuguza. Tulikuja kuona.

Bi Siwema alitupasua katikati akaingia na chungu cha maji yaliyochemshwa, ndani kuna chumvi na sukari. Alimwinua kichwa.

"Kunywa."

Alikunywa. Alipopata pumzi alinong'ona, "Umenisamehe, mama?"

"Hapana. Kunywa."

"Basi kwa nini unaniokoa?"

"Kufa ni jambo la mara moja," alisema Bi Siwema. "Mwanangu alikufa kwa muda wa saa moja tu, akapumzika. Wewe sitaki upumzike. Nataka uishi Kisimani."

Alimnywesha mpaka chungu kikaisha, akarudi kesho yake, na keshokutwa. Hajawahi mtu kuuguzwa kwa chuki yenye uangalifu kama ile. Mheshimiwa alipopata nguvu za kusimama, Bi Siwema alimpa jembe, akamwonyesha ukingo wa mto, akamwambia udongo uko pale.

Tangu hapo anafyatua matofali. Mwanzoni yalipasuka juani, sasa hayapasuki. Amekonda, na ile sauti nyororo imekwisha, nadhani kwa vumbi. Siku moja alianza kuhutubia wanawake waliokuja kuchota maji, akisema kuwa huru ni, kisha akanyamaza akitafuta neno. Wanawake walisubiri kidogo, wakajitwika ndoo zao wakaondoka.

Juzi alinawa mikono, akavaa shati safi, akaenda kwa Bi Siwema. Kidawa mdogo alikuwa mlangoni anajifunza kusimama kwa kushikilia ukuta. Mheshimiwa alipomwona alishindwa kuvuka kizingiti. Alipiga magoti palepale nje.

"Bi Siwema, nimekuja kuomba radhi."

Bi Siwema alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Hapa hakuna, baba. Jaribu jirani."

Alisema vile mtu anavyosema hana chumvi. Mheshimiwa alisubiri, akaona kweli ndilo jibu, akainuka akaenda nyumba ya pili. Wakamwambia imekwisha. Akaenda ya tatu, wakamwambia mwenyewe hayupo. Kwa Koplo Nditi aliambiwa, "Na mimi naitafuta, mzee. Ukiipata nishtue." Alizunguka mtaa mzima hivyo, nyumba hadi nyumba, shati likimlowa.

Kwangu alifika jua limepinda. Nilifungua. Nilimsikiliza mpaka mwisho nimesimama wima, maana bado ni mtumishi wa umma.

"Mheshimiwa," nilimwambia, "hiyo unayoitafuta alikuwa nayo Kidawa. Siku ile tulimleta mpaka getini kwako."

Kisha nikafunga mlango, taratibu, kwa heshima zote za kiserikali.